Kofia ya Mjomba Orville

Mji Mkuu, 25 Novemba 1974

Mjomba Orville mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na barafu ya ziwani imeanza kushika. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unayoijua: laini yako ya simu unaitumia pamoja na jirani yako Verna, na ninachotaka kukuambia kikipita kwenye sikio la Verna leo, Jumapili kitatangazwa kanisani kabla ya mahubiri.

Kura za huko nyumbani zimehesabiwa upya, na matokeo ni yale yale. Trent Ashby wa chama chetu na Duane Kivela wa upande wa pili wamelingana sawa kwa sawa. Hapa watu wamepagawa, maana Bunge la jimbo nalo limegawanyika nusu kwa nusu. Atakayechukua kiti chetu cha Osnes ndiye atakayekipa chama chake Spika, kamati, bajeti na hata funguo za maegesho.

Sasa sikia. Sheria yetu inasema kura zikilingana, Katibu wa Jimbo achague kwa bahati nasibu mbele ya watu wote. Katibu wa Jimbo ni mimi, mpwa wako uliyemwambia hatafika popote kwa kuwa anaandika kama kuku anayeparua. Nitaandika majina mawili kwenye vikaratasi, nitavitumbukiza kwenye kofia, nitatoa kimoja. Miaka yote hii nagonga mihuri kwenye hati zisizosomwa na mtu, na leo hatima ya serikali nzima imeingia kwenye kofia.

Desturi inataka kofia itoke kwa mpiga kura wa huko huko. Waliponiuliza ya nani, nikataja yako bila kufikiri. Nilidhani wapinzani watang'aka, maana umekuwa mwenyekiti wa chama wilayani tangu sijaota meno. Lakini Duane alisimama mwenyewe akasema, "Kofia ya Orville? Naijua vizuri. Nimekaa nayo kibandani tukivua samaki barafuni miaka ishirini. Haina siri, ina harufu tu." Ukumbi mzima uliangua kicheko, na jambo likapita.

Basi, Mjomba, nakuomba kofia yako. Verna anakuja huku kwa daktari wa macho, mpe ailete. Bahati nasibu ni tarehe kumi Desemba. Usiifue, watu wa Osnes hawataitambua.

Mpwa wako,
Marlys


Osnes, 30 Novemba 1974

Marlys mwanangu,

Barua nimeipata. Verna ndiye aliyeniletea kutoka posta. Hakuifungua, ila aliishika kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu kidogo.

Habari za kofia zimeshaenea. Nikiingia mgahawani kwa Bev kunywa kahawa, watu wanasimama wanaisalimia kofia kabla yangu. Nimevimba kichwa mpaka inanibana. Nakuambia hivyo kwa sababu ni wewe. Wengine nawaambia sioni ajabu yoyote.

Jana nilipata mgeni kutoka kwenu, bwana mmoja Grayson Pell, anasema ni mkuu wa ofisi ya Gavana. Amekuja na viatu vya kuchezea dansi kwenye theluji ya magotini. Nikamwonea huruma nikamkaribisha keki. Unajua nilitegemea nini: aseme hapana, nimkaribishe tena, aseme hapana usijisumbue, nimkaribishe mara ya tatu, ndipo ale kama mtu aliyelelewa. Marlys, alichukua mara ya kwanza! Sijamaliza sentensi, ameshatafuna. Tena alichukua kipande cha pembeni chenye sukari nyingi, ambacho kila mtu hapa anajua ni changu.

Alizungumza habari za kofia kuliko fundi wa kofia. Alitaka ifanyiwe jambo dogo, kwa faida ya chama. Nikamtazama, nikamwambia, "Hm. Hilo ni jambo la aina yake." Akafurahi sana, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaondoka akiteleza mpaka kwenye gari.

Mimi nitakuambia moja tu. Usikisahau chama. Mama yako alipofariki, ni akina mama wa chama waliotuletea chakula mwezi mzima, na mimi nikiwa kapera nisiyejua kusuka nywele za mtoto, ni wao walionifundisha. Nimegonga mabango ya chama miaka arobaini, hata ya wagombea ambao siwezi kukaa nao meza moja. Ashby ni mmojawapo. Nilimpigia kura nikiwa nimefumba jicho moja, lakini nilimpigia.

Mjomba wako,
Orville


Mji Mkuu, 4 Desemba 1974

Mjomba mpendwa,

Leo sina utani mwingi. Pell alinivuta kwenye chumba cha makoti baada ya kikao, akafunga mlango. Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno.

"Marlys, dada yangu, mambo ya kofia yasikunyime usingizi. Tumeyaweka sawa."

"Mambo gani ya kofia?"

"Ule ukanda wa ngozi wa ndani. Upande wa kushoto umeachia kidogo. Ukitia karatasi ya Ashby, isukume pale chini ya ukanda. Ukirudisha mkono unajua ilipo. Kazi ya sekunde mbili."

"Na mjomba wangu anajua?"

"Anajua? Ndiye aliyetoa baraka! Mzee safi kabisa. Hakubisha hata neno moja."

Halafu akanipangusa vumbi begani, vumbi ambalo halikuwepo, akanikumbusha kwamba Januari Gavana anateua upya na jina langu liko juu kabisa kwenye orodha, na kwamba chama hakimsahau anayekikumbuka.

Mjomba, mimi si malaika. Nimesimama majukwaani nikawasifu watu ambao nisingewaazima koleo la theluji. Nimenyamaza kwenye vikao nilipotakiwa kunyamaza, na nimetabasamu mpaka mashavu yakauma. Huo niliuhesabu kuwa uaminifu kwa chama, na siujutii, maana ulinilea hivyo. Lakini hii siyo kusifu mtu. Hii ni kuwaibia watu wetu wa Osnes, akiwemo Duane aliyenifundisha kutoboa barafu nikiwa na miaka saba.

Nisipofanya anavyotaka Pell, kazi imekwenda, hilo naliona. Nikifanya, sijui nitawatazama vipi watu pale kwa Bev. Lakini kinachonikaa kooni si Pell. Nataka kujua kitu kimoja tu: kofia yako imefanywa nini? Nijibu, tafadhali, na unijibu wazi.

Mpwa wako,
Marlys


Osnes, 6 Desemba 1974

Marlys,

Kofia ni nzima kuliko ilivyokuwa. Iko kwenye sanduku, na Verna anaondoka nayo kesho asubuhi.

Sikutegemea kuulizwa swali kama lile na mtu niliyemfunga kamba za viatu.

Itumie kofia. Barafu imefika unene wa kiganja.

Orville


Mji Mkuu, 10 Desemba 1974

Mjomba,

Hukusaini "Mjomba wako", nimeona. Na ile "nzima kuliko ilivyokuwa" nimeisoma tena na tena, na kila nikiisoma naona mtu anayekwepa swali. Nisamehe. Ndivyo nilivyoona.

Sasa ni jioni na yameisha, na najua mmeyaona yote kwenye televisheni ya Bev. Lakini nataka uyasikie kutoka kwangu.

Sanduku lako lilikuwa mezani mbele yangu. Sikulifungua. Niliogopa kutia kidole kwenye ule ukanda nikakuta umeachia, kwa sababu ningekuwa nimekukuta wewe mle ndani. Ukumbi ulijaa hadi dirishani, Pell amekaa mstari wa mbele amekunja nne, Ashby anajichana. Nikasimama, sauti ikatoka nyembamba, nikasema, "Kofia ya mjomba wangu itabaki kwenye sanduku. Naomba kofia nyingine kutoka Osnes."

Uso wa Pell ulikunjamana kama soksi. Kisha Duane kule nyuma akavua ile yake ya sufu yenye masikio. "Ipo hii, kama haimkeri mtu," akasema. Ilipitishwa mkono kwa mkono, na kila aliyeishika alikunja pua. Nikaigeuza ndani nje, nikaionyesha, nikatia vikaratasi, nikatikisa, nikatazama dari, nikatoa kimoja.

Trent Ashby.

Ndiyo, Mjomba. Chama chetu kimeshinda, tena kutoka kwenye kofia ya mpinzani! Duane aliikodolea macho kofia yake akaiambia, "Miaka yote nakuweka karibu na jiko ukauke, na hivi ndivyo unavyonilipa?" Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Alimpa Ashby mkono, akaomba kofia yake, akasema nje kuna baridi.

Mimi nilidhani sasa naweza kupumua. Nikatoka ukumbini, Pell huyo, amenirukia. "Marlys! Sijui umefanyaje na sitaki kujua. Kofia ya adui, na bado ametoka mtu wetu! Wewe ni fundi!"

"Sikufanya chochote, Bwana Pell."

"Hasa!" akasema, akanikonyeza. "Endelea kusema hivyo hivyo."

Nimetukanwa sana katika kazi hii, lakini hakuna tusi lililoniuma kama sifa ile. Nilipandisha ngazi moja kwa moja hadi kwa Gavana, nikamweleza kila neno la chumba cha makoti. Alinisikiliza vizuri, akatazama nje, akanishukuru kwa utumishi wangu. Gavana akianza kukushukuru kwa utumishi, anza kutafuta maboksi.

Najua nimekuaibisha mbele ya Osnes nzima. Imeniuma. Lakini kwa nilivyojua wakati ule, ningefanya tena.

Mpwa wako, ukinitaka,
Marlys


Osnes, 14 Desemba 1974

Marlys,

Nilipoingia kwa Bev siku ile ile, kila mtu alikuwa na neno. "Orville, kofia yako ina chawa?" "Orville, hiyo ya kichwani leo umeiazima wapi, au ni nywele?" Mchungaji naye akaniuliza kwa upole kama kuna jambo ningependa kuzungumza naye. Mchungaji!

Siku mbili sikwenda kunywa kahawa. Nilikaa kibandani barafuni nikiwatazama samaki wasionijali. Nilikuwa nimeapa sikuandikii mpaka theluji iyeyuke.

Duane akaja, akakaa, akaniwekea kofia yake magotini. "Chukua yangu," akasema. "Ina uzoefu wa Bunge." Nikamwambia atoke. Hakutoka. Tulivua mpaka mchana, halafu akaniambia, "Orville, mtoto yule amefanya jambo zuri, na wewe umenuna kama mtoto kuliko yeye." Sipendi Duane anaposema kweli, ni mpinzani.

Kwa hiyo nakuandikia. Fungua sanduku. Chukua na mkasi, utauhitaji.

Orville


Mji Mkuu, 20 Desemba 1974

Mjomba wangu,

Nimelifungua.

Nilitoa kofia, nikaigeuza, nikapitisha kidole chini ya ukanda upande wa kushoto kama Pell alivyoelekeza, na kidole hakikupita. Nikajaribu upande wa kulia, hakikupita. Umeushona ukanda wote, duara zima, kwa uzi wa kuvulia samaki! Mshono umepinda huku na huku kama njia ya mlevi, na kila baada ya hatua fundo, juu ya fundo fundo. Pale kushoto, penye alama ya kisu, umeshona mara tatu. Sindano yenyewe isingepenya, sembuse karatasi. Na kwenye bitana kuna tone la damu ulipojichoma.

Nilicheka kwanza. Halafu nikalia, kofia nimeishika kifuani, na katibu muhtasi wangu akafungua mlango akaufunga tena taratibu. Mkasi sikuutumia.

Mjomba, kwa nini hukuniambia? Mstari mmoja tu ungetosha. Nimekukatalia kofia mbele ya jimbo zima, na kumbe ndani yake mlikuwa na mtu safi kuliko wote waliokuwa ukumbini.

Habari za huku ni kama nilivyotabiri. Gavana amemteua mwingine. Mwanasheria Mkuu amesema hakuna kosa lililotendeka kwa kuwa kofia yenyewe haikutumika. Pell amepewa ofisi kubwa zaidi, yenye madirisha mawili, ili aone mbali. Nacheka, usidhani natia chumvi. Nafunga maboksi na sina deni na uso wangu kwenye kioo. Lakini wewe unanidai, na sijui nikulipe vipi.

Mpwa wako,
Marlys


Osnes, 27 Desemba 1974

Marlys mwanangu,

Sasa nisikilize, maana nitayasema mara moja tu kisha nitajifanya sikuyasema.

Pell aliukata ukanda yeye mwenyewe, kwa kisu cha mfukoni, nilipokwenda jikoni kumchotea kahawa. Niligundua akiwa ameshaondoka. Na wala hakupata baraka yangu. Nilimwambia, "Hilo ni jambo la aina yake," na nilikuandikia kwamba nilimwambia hivyo! Pell simlaumu, ni mtu wa kula keki mara ya kwanza. Lakini wewe umezaliwa hapa. Umewahi kumsikia mtu wa Osnes akisema "hapana" machoni pa mgeni? Alipokuja yule mtu kutuuzia ng'ombe vipofu, baba yangu alimwambiaje? Bev akiletewa samaki wa juzi, anasemaje? Ni jambo la aina yake! Kwetu mtu akitamka hivyo amekataa yeye, watoto wake na mbwa wake. Umekaa mjini hadi umesahau namna watu wako wanavyokataa.

Unauliza kwa nini sikukuambia. Kwanza nilikasirika, maana uliniuliza kama unamhoji mwizi. Hiyo ndiyo sababu niliyompa Duane, naye akanitazama tu, mpaka nikajua haitoshi.

Ya pili ni hii. Mkono ambao ungeingia kwenye kofia haukuwa wa Pell, Marlys. Ulikuwa wako. Nilikaa hapa jikoni na miwani ya Verna puani nikishona, na kila fundo nililokaza nilikaza kwa ajili yako. Nilijua chama kimekulea, nilijua Januari inakuja, na ni mimi mwenyewe niliyekufundisha kwamba chama kwanza. Niliogopa umenisikia vizuri kupita kiasi. Uliponiuliza kofia imefanywa nini, ningekujibuje? Kwamba nimeishona ili nikufunge mikono?

Basi hatudaiani. Wewe hukuniamini, mimi sikukuamini, na wote wawili tulikaa upande mmoja bila kujuana. Nina aibu na nina furaha, na vyote viwili vimenikaa pabaya.

Sasa jambo lingine. Ashby ameapishwa na hajakanyaga Osnes tangu siku ile. Baada ya miaka miwili kiti kitagombewa tena. Nakuuliza: rudi nyumbani, gombea wewe. Dhidi ya Ashby, ndiyo, mtu wa chama chetu. Uenyekiti nitaurudisha. Mabango nitagonga mimi.

Mjomba wako,
Orville


Mji Mkuu, 31 Desemba 1974

Mjomba mpendwa,

Nimeisoma barua yako nimesimama, na nilipofika kwenye mafundo nikakaa chini.

Kuhusu kile kiti, hapana, asante sana. Umegonga mabango ya chama miaka arobaini. Siwezi kukutia nyundo mkononi uigonge dhidi ya chama hicho hicho.

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Verna na kwa Duane.

Mpwa wako,
Marlys


Osnes, 4 Januari 1975

Marlys,

Chama nakipenda bado. Ndiyo maana sitaki kimfuate Pell. Uenyekiti nimeurudisha jana pale kwa Bev, wakanipigia makofi, na sikulia, asikudanganye Verna.

Nakuuliza mara ya pili.

Mjomba wako,
Orville


Mji Mkuu, 8 Januari 1975

Mjomba,

Hapana, usijisumbue. Una umri wa kukaa kibandani na miguu yako karibu na jiko, si wa kutembea kwenye theluji na mabango begani.

Maboksi yamekwisha. Treni yangu ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Mpwa wako,
Marlys


Osnes, 10 Januari 1975

Marlys,

Mbao nimeshanunua. Duane amechora herufi, kwa sharti kwamba kampeni ikianza nisimwambie mtu, maana na yeye anafikiria kugombea tena. Nimemwambia akigombea atashindwa na wewe bila kofia.

Keki ipo, kipande cha pembeni nimekuwekea. Nakuuliza mara ya tatu.

Mjomba wako,
Orville


Mji Mkuu, 13 Januari 1975

Mjomba,

Haya basi, ikiwa si usumbufu.

Njoo unipokee stesheni Jumamosi mchana, uje na nyundo. Utanitambua kirahisi. Nitakuwa nimevaa kofia yako, na uzi wake sijaukata.

Mpwa wako,
Marlys